Gasketi ya hedi kwa injini iliyoongezwa nguvu: ichaguliwe mwisho

Gari la turbo likichoma gasketi ya hedi, ile bamba nyembamba inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku, mazungumzo ya kwanza gerejini huwa ya kampuni. Huyu ataka Cometic, yule asema ya asili haina mfano, mwingine amesikia kuna mtu Nairobi anauza za shaba. Gasketi nene huagizwa, hedi hupelekwa kuskimiwa (kusawazishwa uso kwa mashine), injini hufungwa, na baada ya miezi michache maji yanabubujika tena kwenye kichupa cha akiba. Hapo lawama huangukia kampuni iliyotengeneza gasketi, na mzunguko unaanza upya na jina jingine kwenye boksi.

Kwa injini iliyobadilishwa, gasketi ndiyo huchaguliwa mwisho. Kabla ya kutaja jina lolote, lazima ujue nguvu inayobana hedi kwenye bloku ni kiasi gani, nyuso mbili zinazokutana zina hali gani, na ndani ya silinda kuna joto na presha ya namna gani. Hayo yakiwa sawa, gasketi ya bei ya wastani itadumu. Yakiwa mabaya, ya bei kubwa itaungua vilevile.

Kinachoshikilia hedi

Tuchukue EJ20 ya Subaru, kwa sababu ndiyo injini ya turbo inayoonekana zaidi kati ya Malindi na Watamu, ndani ya Forester na Impreza. Kipenyo cha silinda yake ni mm 92 na mwendo wa pistoni ni mm 75. Eneo la duara la mm 92 ni kama sentimita za mraba 66.5. Presha ya mwako ikifika baa 100, kiwango ambacho injini ya petroli iliyoongezewa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) hukifikia, nguvu inayosukuma hedi itengane na bloku ni kama tani 6.8 kwa silinda moja. Nguvu hiyo huja na kuondoka kila silinda inapowaka: kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 50 kwa sekunde.

Gasketi haina uwezo wa kuzuia tani hizo. Zinazozuia ni bolti, ambazo kwenye EJ ni sita kwa kila hedi yenye silinda mbili. Bolti ikivutwa hurefuka kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaoibana gasketi. Presha ikizidi mvuto, hedi hunyanyuka kwa sehemu ndogo sana ya milimita, gesi ya moto hupenya, kisha hedi hurudi ilipokuwa. Gari lenye tatizo hili lina tabia yake: likiendeshwa polepole mjini halina shida, likiwa linasubiri pale Casuarina, Malindi, fani ikizunguka halina shida, lakini ukikanyaga kwa busti kamili maji yanarushwa kwenye kichupa. Ukifungua injini unakuta gasketi haijaungua popote. Ina alama za kung'aa tu kandokando ya duara la silinda, mahali hedi ilipokuwa ikicheza. Gari la namna hiyo likiwekewa gasketi nyingine juu ya bolti zilezile, mwenyewe amelipia kazi ya bure.

Detonesheni, na gari lililotyuniwa Nairobi

Adui mkubwa zaidi ni detonesheni: mafuta yanayosalia kwenye kona ya chumba cha mwako kulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Isichanganywe na mlio wa beringi za krenki, ambao mafundi wengi pia huuita kugonga. Katika detonesheni presha hupanda ghafla kupita kiasi na mawimbi yake hupiga ukingo wa gasketi. Tabaka za chuma hupinda, kisha hupasuka, mara nyingi kwenye ule ukuta mwembamba kati ya silinda mbili, mahali penye joto kubwa na eneo dogo la kubanwa.

Pwani kuna mtego ambao mtu wa bara huenda hajaufikiria. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni kama baa 0.83. Malindi iko ufukweni, baa 1.01. Injini isiyo na turbo ikishuka huku hupata hewa zaidi kwa takriban asilimia 20. Kwa turbo inayodhibitiwa na springi ya mlango wa ekzosti au vali ya busti ya mkono, busti ya baa 1 hupimwa juu ya hewa ya mahali ulipo: Nairobi injini inapata jumla ya baa 1.83, Malindi 2.01. Geji ndani ya gari inaonyesha namba ileile, ilhali silinda zinabeba mzigo zaidi kwa asilimia 10, tena na hewa ya joto la mchana wa kaskazi. Kompyuta ya injini hapo inaweza kuingia kwenye visanduku vya ramani yake (jedwali la mafuta na cheche) ambavyo fundi wa Nairobi hakuvigusa kamwe. Gari likishuka kwa likizo ya Desemba na kuungua gasketi karibu na Gede, kabla ya kuagiza spea mwulize mwenyewe lilityuniwa wapi. Busti ipunguzwe, au ramani ikaguliwe hapahapa usawa wa bahari, kabla hedi haijarudishwa.

Isome gasketi iliyoungua

Usiitupe. Ilaze juu ya meza, upande wa hedi ukiangalia juu, na uandike namba ya kila silinda kwa kalamu ya wino mzito.

Njia nyeusi ya masizi kutoka silinda moja hadi jirani yake inaashiria detonesheni au bolti kulegea. Njia ya masizi inayoelekea tundu la maji, huku plagi ya silinda hiyo ikiwa imeng'aa kama imeoshwa, maana yake maji yalikuwa yakiingia ndani na kugeuka mvuke. Kutu na utando mweupe kuzunguka matundu ya maji, bila dalili ya moto, ni suala la maji ya rediata na wala si la nguvu za injini, tutalifikia. Mpira mwembamba uliopakwa juu ya chuma ukiwa umebanduka kwa mistari iliyonyooka, angalia hedi: mistari hiyohiyo utaiona pale, ni alama za mashine iliyokwaruza badala ya kulainisha.

Tazama pia ukingo wa duara la ndani. Ukiwa na rangi ya buluu au umeyeyuka kidogo, inawezekana gasketi ilikuwa ndogo kuliko silinda, ikachungulia ndani ya moto.

Aina tatu, na moja ya kuepuka pwani

Gasketi ya mchanganyiko, ile yenye uso wa grafaiti au nyuzi na pete za chuma kuzunguka silinda, ndiyo huja ndani ya kiti (seti za gasketi na sili) nyingi za bei nafuu. Sifa yake ni kusamehe uso mbaya. Kwa injini ya kawaida ya kazi, au gari la zamani ambalo hedi yake haiwezi kupata mashine nzuri, inafaa. Kwa busti kubwa haifai, kwa sababu hulegea kadiri inavyopashwa na kupozwa, na mvuto wa bolti hupungua nayo.

Gasketi ya tabaka za chuma, inayojulikana kwa herufi MLS, ndiyo jibu kwa magari karibu yote yanayozungumziwa hapa. Ni mabati ya chuma kisichoshika kutu, kwa kawaida matatu hadi matano, yaliyopandishwa matuta kuzunguka silinda na matundu, na kupakwa mpira mwembamba sana. Yale matuta hubaki na uspringi hata baada ya kubanwa, kwa hiyo hedi ikicheza kidogo gasketi huifuata. Inavumilia pia kuteleza. Hili ni jambo la maana kwenye injini za Toyota kama 1JZ na 2JZ, zenye bloku ya chuma na hedi ya alumini: alumini hutanuka kama mara mbili ya chuma. Kwa urefu wa sentimita 50 na joto kupanda nyuzi 80, alumini hutaka kurefuka kama mm 0.9, chuma kama mm 0.45. Gasketi iliyo katikati husuguliwa kila injini inapopata moto na kila inapopoa. Mchanganyiko huchanika taratibu, ilhali MLS huteleza.

Ya tatu ni ya shaba. Ina heshima yake kwenye mashindano, kwa sababu haipasuki kirahisi na inaweza kutumika tena ikipashwa hadi iwe nyekundu hafifu na kuzamishwa majini ili ilainike. Lakini shaba peke yake haizibi vizuri. Inataka bloku au hedi ikatwe mfereji kuzunguka kila silinda, uwekwe waya wa chuma kisichoshika kutu wa unene kama mm 1, uchomoze takriban mm 0.2 hadi 0.25. Matundu ya maji na oili nayo yanataka kuzibwa kwa dawa. Juu ya hayo, shaba na alumini zikikutana ndani ya maji yenye chumvi, alumini huliwa. Kwa gari la barabarani Malindi, ambalo siku moja litaongezwa maji ya kisima, tunasema wazi: achana na shaba.

Uso wa hedi

MLS haisamehi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Watengenezaji wengi hutaka ukwaruzo wa uso (Ra) usizidi 50 kwa sehemu za milioni za inchi, ambazo ni maikroni 1.3, na baadhi hutaka 30, yaani maikroni 0.8. Mwambie mwenye mashine namba hiyo kabla hajaanza. Ukimwambia tu "piga skimu" atakupa uso wa gasketi ya mchanganyiko, wenye mikwaruzo ya kushika. Kama hana kifaa cha kupima, pitisha ukucha kukata njia ya mashine. Ukucha ukikwama kwenye mistari, uso huo haufai kwa MLS. Ukiteleza bila kuhisi kitu, uko karibu na panapotakiwa.

Unyoofu hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka kweli na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Weka rula kwa urefu pande zote mbili, kwa upana mwanzo na mwisho, kisha kwa mshazari mara mbili. Fila ya mm 0.05 isipite popote. Injini nyingine zinataka 0.03, kwa hiyo kitabu cha injini yako ndicho mwamuzi. Pima bloku pia. Watu hupeleka hedi Mombasa kuskimiwa na kurudi kuifunga juu ya bloku ambayo hakuna aliyeipima.

Diski za msasa za kuzungushwa kwa drili ni marufuku kwenye alumini. Zinachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na unga wake mgumu huingia kwenye njia za oili ukamaliza beringi. Tumia kikwangua cha plastiki, dawa ya kulainisha gasketi, na subira. Kuweka msasa juu ya kioo kinene na kusugua hedi kwa mkono kunaweza kuondoa madoa, lakini mkono huelemea pembeni na kona za hedi huishia chini kuliko katikati.

Hedi iliyowahi kuchemka sana ipimwe ugumu. Alumini iliyopikwa hulainika, na hedi laini huzama chini ya vichwa vya bolti hata ikiskimiwa ikawa kama kioo. Hedi hiyo haina dawa, tafuta nyingine.

Jambo dogo la kwetu: bloku ya chuma iliyotoka kwenye mashine hushika kutu usiku mmoja kwa hewa ya bahari. Ipakwe oili papo hapo, ifunikwe, na isafishwe kwa kitambaa chenye thina siku ya kufunga. Kusi ikivuma na gereji ni kiwanja cha mchanga, silinda zilizo wazi zizibwe muda wote ambao hakuna mkono unaofanya kazi ndani yake.

Kipenyo na unene

Kipenyo cha gasketi kinatakiwa kuwa kikubwa kuliko cha silinda kwa mm 0.5 hadi 1. Silinda ya 92 hupewa gasketi ya 93; silinda ya 86 hupewa 86.5 au 87. Kama bloku imechongwa kuwa kubwa zaidi, pima silinda kwanza kisha agiza. Gasketi ndogo itachungulia kwenye moto na kuwa chanzo cha detonesheni. Iliyo kubwa mno huacha mfereji wa kujificha mafuta yasiyoungua.

Unene ndio unaoleta ubishi. Katalogi za Marekani huandika kwa sehemu za elfu za inchi: .027 ni mm 0.69, .040 ni 1.02, .051 ni 1.3, .070 ni 1.78. Namba inayohesabika ni ya unene baada ya kubanwa.

Wengi huweka gasketi nene ili kupunguza kompresheni (kiasi ambacho pistoni huubana mchanganyiko) na kuongeza busti. Tuhesabu faida yake. EJ20 husafisha kama cc 498.6 kwa silinda. Ikiwa kompresheni ni 8.0 kwa 1, chumba cha mwako, pamoja na gasketi, ni cc 71.2. Gasketi ya kipenyo cha mm 93 huongeza cc 0.68 kwa kila mm 0.1 ya unene. Kutoka mm 0.7 hadi 1.3 umeongeza cc 4.1, chumba kinakuwa 75.3, na kompresheni inashuka hadi 7.6. Umeshusha 0.4 tu.

Ulicholipa ni kikubwa kuliko hicho. Pistoni inapofika juu, sehemu yake bapa hukaribia sehemu bapa ya hedi na kuufinya mchanganyiko wa hewa na mafuta utoke kona kuelekea katikati, kwenye plagi. Mfinyo huo ndio unaozuia detonesheni. Kwa konrodi za chuma, nafasi ya mm 0.9 hadi 1 ni nzuri. Ikivuka 1.5 mfinyo umepotea. Kwa hiyo gasketi nene yaweza kushusha kompresheni na wakati huohuo kuifanya injini ipate detonesheni kirahisi zaidi. Anayetaka kompresheni ya chini anunue pistoni za kompresheni ya chini.

Unene una kazi mbili halali. Ya kwanza ni kurudisha kilichoondolewa na mashine: ikiwa hedi na bloku kwa pamoja zimeskimiwa mm 0.2, gasketi nene kwa mm 0.2 inairudisha hedi mahali pake, na taiming ya kamshafti pia. Ya pili ni kuweka ile nafasi ya mfinyo sawasawa. Ipime kwa waya laini wa risasi wa kuchomelea redio: weka vipande viwili juu ya pistoni, upande huu na huu wa pini, funga hedi na gasketi ya zamani iliyokwishabanwa, zungusha injini kwa mkono, fungua, pima waya uliobanwa kwa maikromita. Ukiwa na kamshafti kubwa, weka pia udongo laini wa kuchezea kwenye mifuko ya vali, nafasi isipungue mm 2 kwa vali ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutolea.

Bolti au stadi

Bolti asili za injini nyingi za kisasa huvutwa hadi ukingo wa kurefuka kabisa, na hufungwa kwa nyuzi za pembe. Hizo hazirudiwi. Injini ya Japani iliyonunuliwa imetumika haina historia, kwa hiyo hesabu bolti mpya kwenye bajeti tangu mwanzo.

Stadi ni vyuma vyenye uzi pande zote mbili, vinakaa ndani ya bloku na hedi hufungwa kwa nati. Faida yake ni kwamba chuma huvutwa tu, hakizungushwi, na uzi wa bloku ya alumini hauliwi kila hedi inapofunguliwa. Bolti ya daraja 10.9 ina uimara wa takriban MPa 1,040. Stadi za chuma kiitwacho ARP2000 hufika kama 1,500. Kwa Forester ya barabarani inayokaa ndani ya baa 1 ya busti na iliyotyuniwa vizuri, bolti mpya za asili na MLS zinatosha, na hela zilizobaki ziende kwenye rediata. Kuanzia hapo kwenda juu, stadi ziingie pamoja na gasketi. Fahamu tu kwamba kwenye Subaru hedi inatoka kwa kuteleza pembeni juu ya stadi, na fremu ya gari haiachi nafasi hiyo. Injini itashushwa kila mara.

Kama asilimia 90 ya nguvu unayoitia kwenye spana ya torku huliwa na msuguano chini ya kichwa na kwenye uzi. Hivyo basi kilainishi ni sehemu ya kipimo. Stadi zikija na grisi yake, torku iliyoandikwa ni ya grisi hiyo. Ukitumia oili ya injini namba hubadilika. Torku ya stadi hutoka kwa aliyezitengeneza, si kwenye kitabu cha gari.

Matundu ya bolti yasafishwe kwa chombo cha kusafishia uzi, si tepu ya kukatia uzi mpya, kisha yapulizwe hadi yakauke. Oili au maji yakibaki chini ya tundu lisilopenya, bolti itayagandamiza na kuipasua bloku. Ufa wa namna hii mara nyingi huonekana siku injini inapopata moto. Stadi ziingizwe kwa mkono tu. Washa (pete za chuma chini ya nati) ziwe upande wake sahihi, uliochongwa kingo ukitazama nati. Kisha kaza kutoka katikati kwenda nje kwa hatua tatu: theluthi, theluthi mbili, kamili. Subaru kwa bolti zake asili ina mpangilio wa kukaza, kulegeza kabisa, kukaza tena na kumalizia kwa pembe. Mpangilio huo ufuatwe kama ulivyoandikwa, kwa sababu kule kulegeza ndiko kunakoilaza gasketi.

Gasketi ya MLS iliyopakwa mpira haitaki dawa ya kupuliza wala silikoni. Silikoni hukatika vipande, na kipande kimoja kikiziba njia ya oili ya kamshafti utakuwa umeleta ugonjwa mwingine. Mahali pekee panaporuhusiwa ni pale kitabu kinapotaja, kama kwenye kona ambapo kifuniko cha taiming hukutana na hedi.

Kabla ya kulipa

Boksi lenye nembo si ushahidi. Toa gasketi ndani, pima kipenyo kwa venia kila silinda, pima unene kwenye sehemu isiyo na tuta, hesabu tabaka pale zilipopigwa ribiti. Mpira uwe umesambaa sawasawa bila mapovu. Ilaze juu ya bloku ukiwa dukani kama inawezekana, au juu ya gasketi ya zamani, na ulinganishe kila tundu, hasa lile dogo la oili. Kama ndani ya kiti nzima ya ovaholi gasketi ya hedi ni ya mchanganyiko, nunua kiti kwa ajili ya sili na oringi zake, na MLS uinunue mbali.

Maji

Maji ya mfereji Malindi hutoka Baricho, kwenye mto Sabaki. Ya visima vilivyo karibu na ufuo mara nyingi yana chumvi, na hayo ndiyo humiminwa kwenye rediata gari linapochemka njiani. Chumvi hula alumini kuzunguka matundu ya maji, ikaacha vishimo ambavyo hakuna MLS itakayoviziba. Tumia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kama ya betri. Hatuhofii barafu huku. Tunachokitaka ni dawa yake ya kutu na kiwango chake cha kuchemka. Chini ya kifuniko cha takriban baa 1, maji matupu huchemka karibu nyuzi 120, mchanganyiko huo karibu 129. Kifuniko chenyewe kibadilishwe pamoja na gasketi. Mpira wake ukichoka, nyuzi zote hizo zimepotea.

Thamostati irudishwe. Imekuwa desturi kuitoa gari likichemka, lakini injini ikikosa thamostati hukaa baridi kwenye mwendo, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi inayoosha oili kwenye kuta za silinda, na chanzo halisi cha kuchemka, iwe rediata iliyoziba au fani iliyochoka, hubaki palepale.

Injini ya Subaru, ambayo silinda zake zimelala ubavu, hushika hewa. Egesha gari pua ikiwa juu, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rediata, jaza polepole hadi maji yatoke bila mapovu, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Washa, acha hadi fani ije mara mbili, na uguse paipu ya hita. Ikiwa baridi, hewa bado imo ndani na hedi moja inapikwa. Zima, iache ipoe kabisa hadi kesho yake, ongeza maji. Kilomita 500 za kwanza ziwe bila busti kamili, na kila asubuhi kabla ya kuwasha bonyeza paipu ya juu ya rediata kwa vidole. Ikiwa ngumu ilhali injini imelala baridi usiku kucha, presha ya silinda inaingia kwenye maji: kifanyike kipimo cha gesi kwenye rediata, kile cha dawa ya buluu inayogeuka manjano, kabla gari halijapelekwa mwendo mwingine.